Askari na Dereva Mkaidi

Mimi si askari wala si dereva. Gari sina, na baiskeli yangu ni ya zamani. Lakini kwa miaka mingi nimesafiri katika magari ya watu, kutoka milima yetu ya Taita kushuka Mwatate, na Voi, hata Mombasa, na katika safari hizo nimeyaona mambo ya njiani yaliyonifunza kuliko mengi niliyofunzwa chuoni. Leo nataka kuwaeleza habari ya askari na dereva mkaidi, maana ni habari inayotupata sote, hata asiye na gari. Ni nani kati yetu asiyepanda matatu? Tena ninayo sababu yangu mwenyewe ya kuiandika, nayo nitaitaja mwisho, kwa kuwa kuisema mwanzo naona haya.

Kwanza nitasimulia mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu.

La kwanza lilitokea miaka michache baada ya zile amri zilizoanza kushikwa mwaka 2004, wakati Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Amri zilitaka kila matatu iwe na mikanda ya abiria, na chombo cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na dereva na utingo wavae sare. Mahali sitapataja. Ilikuwa saa saba ya mchana, jua kali, na kati yetu abiria alikuwako mama mmoja mwenye watoto wawili wadogo. Askari akatusimamisha. Kosa lilikuwa dhahiri: sare ya dereva ilikuwa imetundikwa nyuma ya kiti chake, wala hakuivaa. Askari akasema, "Lete leseni." Dereva akaitoa mfukoni, lakini badala ya kumpa mkononi akaishika mwenyewe, akamwonyesha kwa mbali, akasema, "Isome hapo hapo ulipo. Macho si unayo?"

Neno hilo lilikuwa baya, wala simtetei aliyelisema. Lakini tazameni lilivyozaa. Askari aliingiza mkono dirishani akauchomoa ufunguo. Dereva akamshika mkono. Hapo habari ya sare ikasahauliwa. Askari akafungua mlango, akamvuta dereva kwa ukosi wa shati, akampiga kofi mbele yetu, na mwenzake akaja mbio na rungu. Dereva akapakiwa katika gari la polisi, damu ikimtoka puani, nasi tukaachwa kando ya barabara pasipo dereva, wala ufunguo, wala mti wa kivuli, muda wa saa tatu. Mtoto mdogo wa yule mama akatapika kwa jua. Ndivyo wasemavyo wazee, wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Baadaye utingo alinieleza mashtaka yalivyoandikwa. Dereva alishtakiwa kwa kumzuia askari kufanya kazi yake. Kosa la sare halikuandikwa kabisa. Nalistaajabu sana. Askari alitusimamisha kwa ajili ya sare, akapigana, akamfunga mtu, akatesa abiria, na hiyo sare yenyewe hakuna aliyeikumbuka. Basi alikuwa akiipigania nini? Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, nami naona kwamba tangu liliposemwa lile neno la macho, hakuwa akiilinda sheria tena. Alikuwa akijilinda nafsi yake.

Jambo la pili lilinipata karibu zaidi, maana dereva mkaidi alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama yangu.

Kaka yangu ni dereva wa lori. Huchukua kabichi na nyanya kutoka milimani kwetu, akazipeleka soko la Kongowea, Mombasa. Husafiri usiku ili afike kabla ya alfajiri, wanunuzi wakiwa tayari. Katika likizo moja ya mwezi wa nane nalimsindikiza. Usiku ule twalikuwa tumekwisha kusimamishwa mara mbili, na mara zote mbili kaka alitoa kitu kidogo bila kuambiwa kosa lake. Tulipofika kizuizi cha tatu moyo wake ulikuwa umejaa.

Akaja askari kijana na tochi, akasema, "Habari za usiku, mzee. Taa yako ya nyuma, ya upande wa kulia, haiwaki. Naomba leseni." Kaka akapandisha kioo hata juu, akakunja mikono kifuani, akatazama mbele. Mimi nikamnong'oneza, "Kaka, mpe tu." Akanijibu, "Nyamaza. Nimechoka kuliwa."

Kijana akagonga kioo. Kaka hakugeuka. Akagonga tena. Mimi nalimwona usoni katika mwanga wa tochi, nikaona taya zake zikikaza, nikasema moyoni: sasa ni yale yale ya siku ile. Lakini kijana akarudi nyuma hatua mbili, akasimama kidogo akitazama chini. Kisha akalizunguka lori taratibu, akaiangalia tena ile taa, akaja mbele akaandika namba ya gari katika kitabu chake. Ndipo aliporudi dirishani, akasema kwa sauti ya kusikika, bila matusi:

"Mzee, nimekusimamisha kwa sababu ya taa, si kwa jambo jingine. Sheria yataka unionyeshe leseni. Ukikataa, kosa lako litakuwa la pili, na la pili ni kubwa kuliko taa. Nakupa nafasi ufikiri. Sitaki kitu chako chochote." Akaenda kumwita mkubwa wake.

Mkubwa alikuwa sajini, mtu mzima mwenye mvi. Akaja polepole, mikono nyuma. Hakuanza na leseni. Alipitia upande wangu, akaniuliza, "Mmepakia nini, mwalimu?" Sijui alijuaje kuwa mimi ni mwalimu, labda kwa kalamu zangu mfukoni. Nikamjibu, "Kabichi na nyanya, afande, za Kongowea." Akasema, "Basi zikichelewa mtapata hasara." Kisha akazunguka kwa kaka, akasema na kile kioo kilichofungwa kana kwamba kimefunguliwa:

"Ndugu yangu, kukuachilia na taa hii siwezi, maana lori lisilo na taa ya nyuma ni kaburi la mwenye pikipiki. Lakini kukulaza ndani pia sina haja nako. Tufanye nini?"

Kaka akateremsha kioo kiasi cha upana wa kidole, na kwa ule ufa akayamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Aliwaita wezi, akawaita fisi, akahesabu fedha zote alizotozwa tangu mwaka ulipoanza. Yule kijana akataka kusogea. Sajini akamwinulia mkono tu. Kaka alipokwisha, sajini akasema, "Umemaliza? Nimekusikia. Hao waliokula fedha zako, ukizijua namba zao nitakuonyesha mahali pa kuwashtaki. Sasa naomba leseni."

Kaka akampa.

Waliandika kosa la taa, peke yake. Wakampa karatasi ya kufika mahakamani, wakataja siku. Kisha wakatumulikia kwa tochi yao wakati utingo alipobadilisha globu, maana globu ya akiba twalikuwa nayo ndani ya lori tangu mwanzo! Mambo yote hayakuzidi dakika 40. Kaka alifika mahakamani, akakiri, akalipa faini, akapewa stakabadhi yenye muhuri, ambayo ameihifadhi hata leo.

Usiku ule, tulipoondoka pale, hakusema neno mpaka Mariakani. Ndipo aliponiambia, "Yule mzee amenishinda. Angenipiga, ningemshinda mimi."

Wasomaji, maneno hayo ya kaka yangu nimeyatia moyoni. Wale askari wa mchana na wale wa usiku walivaa nguo za namna moja, na sheria waliyoishika ilikuwa moja. Tofauti yao haikuwa katika sheria. Ilikuwa katika ile nafasi ambayo sheria humwachia mtu aamue mwenyewe. Sheria humwambia askari: unaweza kumsimamisha huyu. Haimwambii umsimamishe kwa uso gani. Humwambia: unaweza kumkamata. Haimwambii kwamba kila unayeweza kumkamata ni lazima umkamate. Kati ya "naweza" na "inafaa" pana uwanja mpana, na katika uwanja huo ndipo askari mwema na askari mbaya hujulikana.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya nchi yetu tu. Nimesoma habari za jimbo la Texas, huko Marekani, ambako magari ni mengi na sheria zimeandikwa kwa uangalifu. Na huko nako jambo ni lile lile.

Mwezi wa tatu wa mwaka 1997, katika mji mdogo uitwao Lago Vista, mama mmoja jina lake Gail Atwater alikuwa akiendesha gari na watoto wake wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 5, wote pasipo kufunga mikanda. Ni kosa, na faini yake kubwa kabisa ilikuwa dola 50. Askari angeweza kumwandikia karatasi akaenda zake. Badala yake alimfokea mbele ya watoto, akamfunga pingu, akampeleka kituoni, akawekwa ndani kama muda wa saa moja. Watoto wangepelekwa pamoja naye kama jirani asingetokea kuwachukua. Yule mama alishtaki, na kesi ikapanda hata Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 2001 waamuzi 5 walisema kwamba katiba haikuvunjwa, na waamuzi 4 wakakataa. Lakini angalieni: hata David Souter, mwamuzi aliyeandika hukumu ya wale 5, alikiri wazi kwamba askari yule alimdhalilisha mama bila sababu na kwamba uamuzi wake ulikuwa mbaya sana. Yaani mahakama ilisema: sheria yamruhusu, lakini busara hakuwa nayo. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi kututunza.

Habari ya pili ya Texas ni nzito kuliko hiyo. Tarehe 10 Julai, 2015, binti mmoja wa miaka 28, Sandra Bland, alisimamishwa karibu na Prairie View kwa kuwa alihama mstari wa barabara pasipo kuwasha taa ya kuonyesha. Alikuwa amekuja huko kuanza kazi mpya katika chuo alichosoma zamani. Askari alikuwa tayari kumpa onyo tu, wala si faini. Aliporudi na karatasi yake aliona binti amekasirika, akamwuliza sababu, naye akamweleza kwa ukali. Ndipo askari alipomtaka azime sigara aliyokuwa akivuta ndani ya gari lake. Binti akakataa, akasema yumo garini mwake mwenyewe. Askari akamwamuru atoke, akakataa, akamfungulia mlango, akamtisha kwa silaha ya umeme, wakaenda kando ya barabara wakivutana, hata binti akaangushwa chini na kufungwa pingu. Aliwekwa gerezani kwa dhamana ya dola 5,000, na ili atoke palitakiwa dola 500 hivi mkononi. Siku ya tatu, tarehe 13 Julai, alionekana amekufa chumbani mwake kwa kitanzi, na daktari wa serikali akaandika kwamba alijiua. Askari yule alishtakiwa kwa kusema uongo katika maelezo yake, akafukuzwa kazi mwaka 2016; mwaka 2017 mashtaka yalifutwa kwa ahadi kwamba hatafanya tena kazi ya polisi.

Tuyafuate mambo haya kwa mpango, kama mwalimu afuatavyo hesabu ubaoni. Kulikuwako kosa dogo la barabarani. Onyo lilikuwa limekwisha kuandikwa. Lilibaki neno moja tu: "Chukua, nenda salama." Kisha ikaingia sigara. Sigara ile ilikuwa na dhara gani barabarani? Hapana. Tangu hapo askari hakuwa akishughulika na gari, bali na uso wa binti na ulimi wake. Na kila amri aliyoitoa, binti alipoikataa, ilimlazimu aitoe nyingine iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa hakujiwekea mlango wa kurudi nyuma. Yule kijana wetu wa usiku alizirudi zile hatua mbili. Hatua mbili tu! Nadhani ziliokoa mengi.

Sasa tutazame sheria ya kwetu Kenya, kwa kuwa watu wengi huzisikia sheria kwa uvumi tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, imesema kwamba aliyekamatwa aambiwe upesi sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoifahamu. Na kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Tena sheria ya polisi ya mwaka 2011 inaeleza habari ya nguvu: askari atangulize njia zisizo za nguvu; nguvu itumike tu zile njia zikishindwa, au zikiwa hazina tumaini la kufaa; na hata hapo nguvu ilingane na jambo linalotakiwa, na uzito wa kosa, na ukinzani wa mtu mwenyewe. Mtu akiumizwa, apewe matibabu mara moja, na jamaa zake waarifiwe. Mwaka huo huo wa 2011 sheria iliweka pia mamlaka huru iitwayo IPOA, ambayo raia aweza kupeleka kwake malalamiko juu ya polisi.

Ukiyasoma hayo utaona kwamba yule sajini hakufanya upole wa kubuni mwenyewe. Aliifuata sheria kama ilivyoandikwa: akauliza, akaeleza, akaonya, akangoja. Wengi hudhani askari anayengoja ni dhaifu. Sivyo. Kungoja ni daraja mojawapo ya ngazi, na anayeruka madaraja ndiye aangukaye.

Hata hivyo, tusiseme kwa upande mmoja. Kazi ya askari wa barabarani ni ngumu. Husimama juani na mvuani, na magari yanampita kwa kishindo, na katika kila gari hajui aliyemo. Labda ni mwalimu na kabichi zake, labda ni mnyang'anyi na bunduki. Wako madereva wanaokimbia kizuizi, wako waliolewa, wako wanaomwelekezea askari gari ili wamgonge. Kwa watu wa namna hiyo nafasi ya kungoja ni fupi, au haipo kabisa, maana uhai wa watu wengine umo hatarini. Mlevi asipewe ufunguo wake kwa sababu ya kuhurumiwa, maana huruma hiyo itamwua mwingine. Ninenayo mimi ni habari ya yule asiyemtishia mtu, bali amenuna, au amefunga kioo, au ana ulimi mkali. Maji ya moto hayachomi nyumba. Matusi ya dereva hayajamtoboa askari. Akiyaacha yapite, yatapoa yenyewe.

Tena iko hatari nyingine, ambayo lazima niiseme wazi. Uwanja huu wa kuamua ndimo mnamopita rushwa. Askari anayeweza kusamehe, aweza pia kuuza msamaha. Ikiwa leo amekusamehe kwa busara na kesho anamsamehe mwingine kwa shilingi 200, watu watawezaje kuzijua hizo mbili? Mimi naona zinajulikana hivi: huruma ya kweli hufanyika mbele ya watu, na sababu yake yaweza kutajwa kwa sauti. Sajini alisema mbele yetu sote kwa nini hatulazi ndani, na kosa akaliandika. Ile ya kuuzwa hunong'onwa nyuma ya gari. Na tazameni pia ni nani anayengojewa. Dereva wa gari kubwa jeusi akifunga kioo na kusema, "Unajua mimi ni nani?" mara nyingi husubiriwa kwa adabu nyingi, na kijana wa bodaboda akiuliza tu kosa lake, hupigwa kofi. Hapo si busara tena, ni woga kwa mkubwa na ubabe kwa mdogo. Subira anayopewa tajiri ndiyo hiyo hiyo apewe kijana wa bodaboda.

Kwa madereva nami nina neno. Ndugu zangu, haki ya kutendewa vyema hampotezi kwa kuwa wakali. Lakini pigano la kando ya barabara hamlishindi kamwe. Simameni mkisimamishwa. Toeni leseni. Ulizeni kosa kwa maneno ya kiungwana. Mkiona mnaonewa, shikeni namba ya askari, na saa, na mahali, mkaseme mbele ya hakimu au mbele ya wale waliowekwa kupokea malalamiko. Kaka yangu alikuwa na haki ya kuchukia rushwa. Lakini yule kijana aliyemfungia kioo hakuwa amekula rushwa yake. Alimtoza kijana deni la watu wengine. Na askari vilevile, anayemkuta dereva wa leo akiwa na hasira ya matusi ya dereva wa jana, hutoza deni kwa asiyedaiwa. Hasira, hasara.

Sasa nimefika pale nilipoahidi.

Mwaka mmoja baada ya lile jambo la matatu, nami nikiwa nimekwisha kumlaumu yule askari katika kila baraza, nalikuwa nikifundisha darasa la saba. Kulikuwako mvulana mmoja, hodari wa hesabu kuliko wote. Asubuhi moja nalimwita aje ubaoni. Hakusimama. Nikamwita mara ya pili, akainamisha kichwa. Darasa lote likanyamaza, likanitazama mimi. Ninyi mlio walimu mnaujua ukimya ule. Fimbo ilikuwa imekwisha kuondolewa mashuleni tangu mwaka 2001, nami sikumpiga. Lakini sikumwuliza neno. Nalisikia moto kifuani, nikaona kwamba ananidharau, nikamwambia, "Simama, au toka." Hakufanya hili wala lile. Basi nikamwendea, nikamshika ukosi, nikamwinua kwa nguvu mbele ya wenzake.

Hapo wote wakaona. Kaptura yake ilikuwa imechanika nyuma tangu juu hata chini, wala ndani hakuvaa kitu. Wasichana wakacheka. Akatoka mbio akishika nguo yake kwa mikono miwili, na shuleni hakurudi tena. Nalikwenda kwao mara moja, bibi yake akaniambia, "Ameshuka Mombasa, mwalimu." Nikarudi, sikwenda tena.

Nalimshika ukosi, kama yule askari. Nami nalikuwa na nafasi ile ile: kurudi hatua mbili, kumwita mvulana mwingine ubaoni, na kumwuliza huyu polepole wakati wa mapumziko. Hesabu ile ingefanywa na mwingine, na dunia isingeharibika. Kaka yangu hakuwa na sababu njema ya kufunga kioo. Mvulana yule alikuwa nayo. Lakini kabla ya kuuliza, wote wawili ni sura moja: mtu asiyetii. Ndiyo sababu nasema, kila aliyepewa mamlaka, awe askari, au mwalimu, au mzee wa kijiji, au baba nyumbani, aulize kwanza, tena angoje jibu, kwa maana hajui anachokivuta mkono wake unapovuta.

Kaka yangu huniambia kwamba humwona Kongowea. Sasa ni mtu mzima, mchukuzi wa magunia, na mara nyingine ndiye anayezipakua kabichi zetu. Husema, "Amekuuliza. Amekusalimu." Salamu hizo nimezipokea mara nyingi, na mimi mwenyewe sijamwendea. Likizo ikifika nitapanda tena lori la kaka. Taa zote mbili za nyuma zinawaka, nimeziangalia mwenyewe.